Asiyekohoa naye huambukiza

Mhariri,

Kila Juni na Julai, baridi ya Moshi huwafanya wanachuo kufunga madirisha ya hosteli usiku kucha, vitanda vya dabodeka vikiwa vimebanana. Akikohoa mmoja, wenzake humkimbia. Wamechelewa! Mwenye homa ya mafua huweza kuambukiza takriban siku moja kabla ya dalili, na wa UVIKO-19 siku moja au mbili. Wengine hawaoni dalili yoyote, lakini wakicheka, wakiimba kwaya au wakibishana kwenye makundi ya kujisomea, virusi vinatoka.

Nawasihi wakuu wa vyuo: madirisha ya kumbi za mihadhara yafunguliwe pande zote mbili, hata kukiwa na baridi, na vitanda vipunguzwe vyumbani. Kupima joto getini hakumnasi asiye na homa.

Mzazi wa mwanachuo,
Majengo, Moshi