Kwa Kioko, kuhusu nahodha aliyerudi Winnipeg

Winnipeg, Manitoba, Kanada
21 Septemba 2025

Ndugu yangu Kioko,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima. Majani yameanza kugeuka manjano, na ukitoka asubuhi bila koti unajuta kabla hujafika kituo cha basi. Ujumbe wako wa sauti niliupata, nikausikiliza mara mbili maana kelele za matatu zilikuwa zimekufunika. Umeuliza, kwa ukali wako ule ule, mbona mji mzima unamshangilia mtu wa miaka 37 ambaye hajacheza mechi hata moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, tangu Aprili 2023. Ukaongeza kwamba uongozi ni jina la heshima wanalopewa wachezaji walioishiwa mabao. Nimecheka sana. Lakini jibu lake ni refu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza nikueleze mapenzi haya yanatoka wapi, usije ukadhani watu wa huku wamerogwa. Jonathan Toews ni mtoto wa hapa hapa. Alizaliwa Winnipeg mwaka 1988. Mwaka 2010 alipoiongoza Chicago kubeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, ambalo klabu ile ilikuwa imelikosa kwa miaka 49, serikali ya Manitoba ililipatia ziwa moja la kaskazini jina lake. Ziwa, Kioko! Kwetu mwanariadha akitua na dhahabu ananyweshwa mursik pale uwanja wa ndege, anapigwa picha na wanasiasa, basi. Huyu ana ziwa. Sasa mtu kama huyo akisema anarudi kuchezea timu ya nyumbani, Winnipeg Jets, nani atakaa kuhesabu mabao?

Mimi na wewe tutahesabu, kwa sababu tuliujua mchezo huu kwa kuanguka pale kwenye barafu ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, na hatuna deni la mapenzi kwa mtu yeyote.

Unahodha wa Chicago alipewa mwaka 2008 akiwa na miaka 20 tu. Makombe matatu: 2010, 2013 na 2015. Dhahabu mbili za Olimpiki, na ile fainali ya Sochi dhidi ya Sweden ni yeye aliyefungua mabao. Lakini zingatia kwamba hata enzi zake nzuri hakuwa mfungaji wa kutisha. Msimu wake mnono kuliko yote, 2018–19, alimaliza na pointi 81 (mabao yake na pasi zake za mabao), wakati mwenzake Patrick Kane alikuwa na 110 kwenye timu hiyo hiyo. Tuzo iliyomweleza vizuri ni Selke ya mwaka 2013, anayopewa mshambuliaji anayejua kukaba kuliko wenzake. Kugombea paki, kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira, mwamuzi anapoiangusha, kurudi nyuma haraka, kumnyima mtu njia. Kazi ambazo mshabiki wa bao hazioni.

Kisha mwili ukaanza kumkataa. Msimu wa 2019–20 alipata pointi 60 katika mechi 70. Msimu uliofuata hakucheza kabisa, kwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inakuwa kama king'ora kisichozimika. Akarudi, pointi 37 katika mechi 71. Halafu 2022–23, pointi 31 katika mechi 53, huku akipambana pia na masalia ya korona. Mechi yake ya mwisho Chicago, tarehe 13 Aprili 2023, alifunga bao huku uwanja mzima ukijua kwamba klabu imekwisha kutangaza haitamwongezea mkataba. Baada ya hapo alipotea. Alikwenda hadi India akatibiwa kwa ayurveda kwa wiki kadhaa. Watu wengi huku tulidhani ameshamaliza.

Sasa nije kwenye lile neno lako la uongozi. Hapo sikubaliani nawe, na nitakupa kisa kimoja tu.

Mei 2013, raundi ya pili ya mchujo, Chicago dhidi ya Detroit, mfululizo wa mechi ambao anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga mbele. Mechi ya nne, Toews alipandwa na hasira, akafanya makosa matatu mfululizo katika kipindi kimoja. Kila mara anapelekwa kwenye kile kibanda cha adhabu, timu inabaki pungufu. Mara ya tatu beki wake, Brent Seabrook, aliteleza mpaka kibandani, akainama pale kwenye kioo na kuongea naye. Kamera zilimnasa. Ile mechi walipoteza, wakawa nyuma tatu kwa moja. Wakashinda tatu zilizofuata, ya saba kwa bao la muda wa ziada. Na aliyelifunga ni Seabrook. Mwezi mmoja baadaye walikuwa na kombe mkononi.

Yale maneno ya kibandani hayapo kwenye takwimu yoyote. Na angalia nani alikuwa anamwongoza nani: nahodha mwenyewe ndiye aliyehitaji mtu. Kwa hiyo usiniambie uongozi haupo.

Lakini kisa hicho hicho kina mkia. Septemba 2015 Chicago ilimpa Seabrook mkataba wa miaka minane, dola milioni 55. Alikuwa amekwisha kufika miaka 30. Miguu ilianza kuwa mizito, ikafika mahali anakalishwa jukwaani akiwa mzima, na mwaka 2021 nyonga zikamstaafisha mkataba ukiwa bado una miaka. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Toews na Kane walikuwa wamepewa mikataba pacha ya milioni 84 kila mmoja, yaani milioni 10.5 kwa mwaka. Mikataba hiyo ilipoanza kuhesabiwa, msimu wa 2015–16, kikomo cha mishahara ya timu nzima, ambacho ligi hairuhusu kukivuka, kilikuwa milioni 71.4. Piga hesabu mwenyewe: watu wawili, karibu asilimia 30 ya mfuko wa kikosi kizima. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na kandanda letu. Klabu tajiri ya kandanda ikimweka mzee benchi inapoteza pesa tu, kesho inanunua mwingine. Huku kila dola anayolipwa mzee imechomolewa mfukoni mwa kijana. Brandon Saad akauzwa, Patrick Sharp akauzwa, Teuvo Teräväinen akatolewa ili timu nyingine ikubali kubeba pamoja naye mkataba mbaya wa mchezaji mwingine, kisha Artemi Panarin. Tangu kombe la 2015 mpaka Toews anafunga mizigo, ukiondoa ile raundi ya kufuzu ya mwaka wa korona, Chicago haikushinda tena mfululizo wowote wa mchujo.

Hawakukosea kumthamini. Walilipa yaliyopita kwa fedha za yajayo, na kwa miaka mingi mno.

Tena usidhani kwamba uongozi unakaa tu kwa mzee kama mvi. Hapa Winnipeg tuna mfano wetu na unauma. Blake Wheeler alikuwa nahodha wa Jets kuanzia 2016, pointi 91 misimu miwili mfululizo, mtu wa kazi kweli. Septemba 2022 kocha mpya, Rick Bowness, alimvua unahodha akiwa na miaka 36, na timu ikacheza msimu mzima bila nahodha. Ukidhani ni kwa sababu uwezo ulikuwa umekwisha, umekosea: msimu huo alipata pointi 55! Kilichokuwa kimechakaa ni chumba cha kubadilishia nguo. Walipotolewa na Vegas, Bowness alisema hadharani kwamba amechukizwa na jinsi wachezaji walivyokata tamaa, na wachezaji wakongwe wakamjibu hadharani vilevile. Juni 2023 Jets walimlipa Wheeler aondoke, akaenda New York kwa dola laki nane. Kwa hiyo mabao yanaweza kubaki na uongozi ukaondoka. Hilo wewe hukulifikiria, kiri.

Na kwa Toews mwenyewe, nisikudanganye, sifa ya uongozi ina doa. Oktoba 2021 ilipotoka ripoti ya uchunguzi kuhusu mchezaji wa Chicago aliyedhulumiwa kingono na kocha wa video mwaka 2010, na jinsi wakubwa walivyolinyamazia jambo hilo wakati kombe linatafutwa, Toews aliulizwa. Alijibu akiwatetea wale wakubwa waliokuwa wameondolewa, kwamba ni watu wema. Watu wengi walikasirika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nahodha wa miaka 22 kutojua jambo naweza kuelewa. Mtu mzima wa miaka 33 kuchagua kuanza na sifa za mabosi, hapana. Kila ninapoona mabango yale ya "kiongozi amerudi nyumbani", jambo hilo linanijia kichwani. Linapunguza, halifuti.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe: Jets wamefanya vyema kumchukua?

Kwa pesa, sina ugomvi nao. Mkataba ni wa mwaka mmoja, dola milioni mbili za uhakika, na zinazozidi hapo ni marupurupu yanayotegemea kucheza kwake na mafanikio ya timu. Kikomo cha mishahara msimu huu ni milioni 95.5. Asipoweza, wanaagana kwa heshima na hakuna kijana aliyeuzwa kwa ajili yake.

Ugomvi wangu uko kwenye dakika. Msimu uliopita Jets walimaliza na pointi 116, wa kwanza ligi nzima, halafu Dallas ikawatoa raundi ya pili. Nikolaj Ehlers ameondoka kwenda Carolina. Na tangu Pierre-Luc Dubois alipouzwa mwaka 2023, timu haijapata senta (mshambuliaji wa kati) wa pili wa kudumu nyuma ya Mark Scheifele. Unaona shimo lilipo? Magazeti ya hapa yamekwisha kumweka Toews humo, katikati ya mstari wa pili wa washambuliaji, kana kwamba ni 2013. Hapo ndipo ninapoogopa. Senta wa pili wa timu inayotaka kombe anakutana kila usiku na vijana wa miaka 24 wenye mapafu ya farasi. Kichwa cha Toews kitafika pale paki inapokwenda; miguu itafika baadaye.

Uzuri wa hoki ya barafu ni kwamba mchezaji anaingia kwa sekunde 45, anatoka, anaingia tena. Nahodha mzee wa kandanda anashika nafasi moja kati ya 11 na atakimbia dakika 90 apende asipende. Huku kuna wachezaji 18 wa kuteleza, na kocha anaweza kumpa mzee dakika 11 au 12 alizozichagua kwa makini: kugombea paki karibu na lango letu, maana hata msimu ule wa mwisho wa 2022–23 alikuwa akishinda zaidi ya asilimia 60, kukaba tukiwa pungufu, kulinda bao moja la mwisho. Mstari wa nne, au wa tatu akiwa amepumzika. Hapo uongozi wake hauchukui nafasi ya mtu, kwa sababu uongozi haufanyiki ukiwa uwanjani tu. Kijana wetu Cole Perfetti anaweza kujifunza kwake akiwa amekaa naye benchi.

Wazee kama yeye wamekuwapo: Dave Andreychuk wa Tampa Bay alipata kombe lake la kwanza mwaka 2004 akiwa nahodha wa miaka 40, baada ya misimu 22. Msimu huo alifunga mabao 21, kwa hiyo hakuwa pambo. Lakini Januari 2006 Tampa hiyo hiyo iliweka jina lake mezani, timu yoyote inayomtaka imchukue. Hakuna iliyomtaka. Kwa Jets, nahodha ni Adam Lowry siku hizi, yule aliyetuokoa dhidi ya St. Louis mwezi Mei kwa bao la muda wa ziada wa pili, kwa hiyo angalau hapa hakuna ugomvi wa cheo. Toews anakuja kama mchezaji wa kawaida mwenye namba 19 mgongoni. Hilo nimelipenda.

Kocha ni Scott Arniel, na mimi simwonei wivu. Siku Jets wako nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika tatu, na uwanja mzima unaimba jina la mtoto wa nyumbani, kumwacha benchi kunataka moyo. Nadhani atashindwa mara kadhaa.

Tarehe 9 Oktoba tunaanza, na ni Dallas wanaokuja, wale wale. Tikiti bei yake usiulize. Nitaangalia nyumbani kwa jirani yangu Mfilipino ambaye ana televisheni kubwa na pansit, tambi za kwao, isiyokwisha. Nitakuandikia dakika ngapi alicheza. Wewe huko ukiona amefunga bao usinipigie saa tisa za usiku kunizomea, nina kazi asubuhi.

Msalimie mama sana, mwambie ile dawa ya mgongo nimeipata na itakuja na shemeji Desemba. Na unijibu kwa maandishi safari hii, si kwa sauti ndani ya matatu.

Wako,
Mutua