Treni ya Muhoroni haihitaji reli mpya

Mhariri,

Miaka mingi nimesoma habari zenu za reli nikanyamaza. Ile ya juzi, iliyotuambia watu wa magharibi tusubiri SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, itoke Naivasha ndipo tupate treni, imenikera. SGR ilifika Suswa, kusini mwa Naivasha, Oktoba 2019, na tangu hapo kila swali la treni huku kwetu hujibiwa "subirini". Ilhali reli tunayo. Ilifika Kisumu Desemba 1901, pakiitwa Port Florence, na treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi juu yake Desemba 2021 kwa safari moja kwa wiki. Mwandishi wenu hakuuliza kwa nini moja.

Njia ni moja, na treni hupishana steshenini tu. Ikiwa ni dakika 40 kutoka steshen ya kupishania hadi nyingine, kwa saa 12 hazipiti zaidi ya treni 18, pande zote mbili pamoja. Mwendo ukishuka, zile 40 zikawa 60, zinabaki 12. Na kinachoshusha mwendo ni tope. Uwanda wa Kano, Kibigori hadi Kibos, una udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kalvati, ule mfereji wa kupitisha maji chini ya reli, ikiziba, maji hulala kando ya tuta, udongo hupanda ukajaa katikati ya kokoto zinazobeba reli, na mvua inayofuata haina pa kutokea. Chuchumaa kando ya kiungo cha reli kilichooza hivyo, treni ikipita mbali kidogo nawe: taruma, lile gogo la kulalia reli, linazama, linainuka, na kila gurudumu likikanyaga linatema uji wa kijivu. Bolti zinalegea, ncha za reli zinapondeka, na dereva anaamriwa apite kwa mwendo wa baiskeli. Kumwaga kokoto mpya juu ya uji huo ni kuzika pesa. Zibueni kalvati na mitaro kwanza. Kisha chimbueni chini ya taruma hadi pakavu, chekecheni kokoto, zilizolainika kingo zitupwe, mjaze mawe yenye ncha ya milimita 40 hadi 60, mshindilie ndani na nje ya reli zote mbili, mpime upana kati ya reli mbili uwe milimita 1,000. Treni chache zikishapita, rudini mkaze bolti na kushindilia tena, maana kokoto mpya lazima zishuke. Gangi nyingi za mafundi wa reli hazipewi siku hiyo ya kurudi, na kazi nzima huharibikia hapo.

Barabarani ni yale yale: cha kutangulia huachwa mwisho. Juni 2023, makutano ya Londiani, lori lilivamia watu kando ya barabara likaua zaidi ya 50, miongoni mwao abiria waliosubiri gari na wachuuzi. Hata sasa barabara zikipanuliwa, stage ya matatu na soko hufikiriwa lami ikishakauka. Vichorwe na kujengwa kwanza, vikae ndani, mbali na lami, na ukuta wa zege mbele yake.

Ninachoomba ni treni moja ya mabehewa manne, itoke Muhoroni saa 11 na nusu alfajiri, ipitie Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos hadi Kisumu, irudi jioni. Na wenye reli wabandike ubao steshen ya Kisumu, kila mwisho wa mwezi waandike kwa chaki: kalvati zilizozibuliwa, mataruma yaliyobadilishwa, na sehemu ambazo dereva bado anaamriwa kupunguza mwendo. Mwandishi wenu aanzie kwenye ubao huo.

Msomaji,
Kisumu