Kabla Hujamwuliza Daktari

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Barua yako imenifikia. Nimefurahi mno kusikia kichefuchefu kimepungua na sasa unalala. Lakini lile jambo uliloliweka mwishoni, kana kwamba ni dogo, ndilo lililonikalisha kuandika: shemeji anataka kujua mtoto ni wa kike au wa kiume, wewe hutaki, na siku ya ultrasaundi inakaribia.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Jiulize hivi: kati ya majibu mawili, lipo moja litakalokuumiza? Kama lipo, jua mapema. Kama halipo, subiri ukipenda, na kusubiri kuna utamu wake. Umeniandikia kwamba wewe hujali, bora uzima. Nakuamini. Ila katika barua hiyohiyo umesema pia kwamba kila anayekutembelea anatazama tumbo na kusema "safari hii lazima awe wa kiume," na kwamba mama mkwe wako ameshachagua jina. Mtu asiyejali haandiki kurasa mbili juu ya maneno ya watu. Kuna kitu kinakubana moyoni, mwenzangu, na ningependa tukitazame kabla hujalala kwenye kile kitanda cha vipimo.

Tuseme ni binti wa nne. Ukijua sasa, una miezi ya kulihisi lolote litakalokuja: kulia kama kilio kipo, kunyamaza, kuzoea, kisha kumngoja yeye mwenyewe. Ukilijua siku ya kujifungua, utalipokea ukiwa umechoka, mwili unauma, machozi yako karibu, na watu wanaingia kukupongeza huku macho yao yakisema jingine. Sisemi wewe ndiwe utakayesikitika. Nasema wapo watakaosikitika, na ni haki ya mtoto kwamba wayamalize masikitiko yao kabla hajafika. Na kama nawe utasikitika kidogo, usijihukumu. Akina mama wengi hulipitia hilo na wanaficha kwa aibu, na upendo kwa mtoto unakuja palepale au unachelewa kidogo, lakini unakuja.

Halafu kuna la lawama. Mtu yeyote asikubebeshe mzigo wa kuzaa mabinti. Yai la mama siku zote lina kromosomu X (kromosomu ni vile vinyuzi vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi). Mbegu ya baba ndiyo huja na X au Y: ikija na X ni msichana, ikija na Y ni mvulana. Mwaka 1905 mwanasayansi mmoja mwanamke, Nettie Stevens, alichunguza mbegu za mbawakawa akaona nusu yake zina kromosomu moja ndogo kuliko nyingine, na hizo ndizo zinazoleta madume. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mwanamke anaulizwa kwa nini hazai wavulana! Hata shemeji hachagui, kwa hiyo naye usimlaumu. Na mabinti watatu hawamaanishi kwamba zamu ya mvulana imefika. Kila mimba inaanza upya, karibu nusu kwa nusu. Duniani huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100, basi. Tumbo lililochongoka au la duara linategemea misuli yako, umezaa mara ngapi na mtoto amelalaje. Mapigo ya moyo nayo hayasemi jinsia.

Umeuliza kama vipimo vinaaminika. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, ila inategemea kipimo na wiki. Katika wiki za mwanzo viungo vya nje vya msichana na vya mvulana vinafanana kabisa. Tofauti huanza kuonekana kwenye picha kuanzia wiki ya 12 hivi, na hapo makosa bado ni rahisi. Ultrasaundi unayoisubiri wewe, ile ya kati ya wiki ya 18 na 22, ni ya uhakika zaidi, mradi mtoto akubali kukaa vizuri. Akikunja miguu, haonekani. Wakati mwingine kamba ya kitovu inapita katikati ya mapaja na mtazamaji anatangaza mvulana asiyekuwepo. Kwa hiyo ukiambiwa, uliza: "Una uhakika, au unakisia?" Mtaalamu mwaminifu atakuambia.

Kile kipimo cha damu alichokisikia shemeji kipo kweli, na kinaweza kufanyika kuanzia wiki ya 10. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya mtoto, ambavyo kwa kweli vinatoka kwenye kondo la nyuma, huelea katika damu ya mama. Vikionekana vya kromosomu Y, kuna mvulana humo ndani. Wengi hupimwa damu hiyo kwa sababu nyingine, kutazama hali kama ile ya kuwa na kromosomu 21 ya ziada, iitwayo Down, na jinsia inakuja pamoja na majibu. Hapo ndipo wasiotaka kujua hushtukizwa: wanafungua karatasi kutafuta habari za afya, jinsia imeandikwa mstari wa pili. Ukipima, sema kabla damu haijatolewa kwamba hutaki sehemu hiyo iandikwe.

Ipo sababu moja ambayo ningekuambia jua, bila mjadala: kama katika ukoo wenu kuna ugonjwa unaofuata kromosomu X, mfano hemofilia, ambamo damu haigandi inavyopaswa. Huo huwapata zaidi wavulana, na madaktari wakijua mapema wanapanga namna ya kukuzalisha kwa usalama. Sidhani unakuhusu, lakini muulize mama.

Sasa shemeji. Umependekeza yeye ajue na wewe usijue. Mimi silipendi wazo hilo. Siri ya namna hiyo ndani ya nyumba moja ni kama maji kwenye kiganja. Atanyamaza mkitaja jina fulani, atachangamka mkitaja jingine, na wewe utaanza kumsoma uso badala ya kuzungumza naye. Mbaya zaidi, mama yake atamwuliza, na hujui kama ataweza kumnyima. Afadhali mwombe mtaalamu aandike jibu kwenye karatasi, aitie kwenye bahasha, mkae nayo wote wawili. Asiyejua leo anaweza kujua kesho. Aliyekwisha kujua hawezi kurudi kutojua. Ndiyo maana naona haki ya kuanza ni ya yule anayetaka kusubiri, na anayetaka kujua amvumilie kwa muda. Msikilize lakini kwa nini anataka. Wapo akina baba ambao mimba kwao ni habari tu mpaka wapate kitu cha kushika, na jinsia ndiyo inayowafanya waanze kumwita mtoto kwa jina na kuzungumza naye tumboni. Kama ni hivyo kwake, si udadisi mtupu.

Na kujua hakukulazimishi kutangaza. Naona watu wengi hawalitenganishi hili. Mnaweza kujua ninyi wawili na mkafunga midomo mpaka mtoto azaliwe. Kwa hali yako ningechagua hivyo, nikiwa wewe. Jueni, mlilie au mlifurahie mkiwa peke yenu, na mama mkwe akiuliza mwambieni kwa heshima kwamba mtoto yuko salama na mnamwombea afya, ambalo ni kweli tupu. Msimpe uongo, mwambieni tu mmeamua kutosema. Ukimya wenu utamkinga binti, kama ni binti, dhidi ya miezi ya maneno. Zipo nchi zilizoona hatari ya habari hii mpaka zikaitungia sheria: sheria ya India iliyotungwa mwaka 1994 inawakataza wataalamu kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto aliye tumboni, kwa sababu mimba za wasichana zilikuwa zikitolewa. Sikutajii hili kukutisha. Nataka uone tu kwamba ukilinda habari hiyo hujawa mgumu wala mwenye kiburi.

Mimi, kama unavyokumbuka, wa kwanza nilimjua na wa pili nikasubiri. Kwa wa kwanza nilipata utulivu nilioutaka, ila nilichukizwa na jinsi watu walivyoanza kumpangia maisha: huyu atakuwa mkali, huyu atarithi kazi ya baba yake, huyu asilie hovyo. Hakuwa hata na nywele! Kwa wa pili nilimwomba mkunga asiseme neno, amwachie baba yake atazame na kuniambia mwenyewe. Sauti yake ilivyokatika akitamka, sitaisahau. Lakini mimi sikuwa na jibu lolote nililoliogopa, wala mtu aliyekuwa akinisubiri mlangoni na jina mkononi. Kwa hiyo usiniige mimi. Pima yako.

Mkishaamua, waambie mapema, kabla hujapakwa ile jeli tumboni. Kama hamtaki kujua, mwombe mtaalamu akutahadharishe anapofika sehemu hizo ili ugeuze uso. Na tafadhali, msiache swali la jinsia limeze miadi yote. Kipimo hicho kipo kwa ajili ya moyo wa mtoto, uti wa mgongo, ubongo, figo, na mahali kondo lilipokaa. Uliza hayo kwanza, moja baada ya jingine, na usiondoke mpaka uelewe ulichojibiwa.

Zungumza na shemeji wiki hii, mabinti wakishalala, usingoje mpaka mfike mlangoni kwa daktari. Halafu niandikie mlichoamua. Mkijua na mkaamua kuficha, nami nificheni, sitauliza. Mkitaka nije kukaa na mabinti siku ya kipimo ili mwende wote wawili, nipe tarehe tu.

Wasalimie mabinti zangu wote watatu, na shemeji.

Akupendaye daima,
Rafiki yako