Kwa Mama Neema, juu ya Askofu Festo na jambo letu

Kabale, Jumanne jioni

Mpendwa dada yangu Mama Neema,

Tukutendereza, Bwana asifiwe. Natumaini wewe, Baba Neema na watoto mko wazima huko Dodoma, na kwamba mvua imewafikia. Huku tu salama, ingawa ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka saa nne, na viazi vya Mama Tumaini vimeoza shambani.

Nimekaa miaka mitatu bila kukuandikia, na sababu unaijua. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili nimeona heri niliandike, na mtoto wa mchungaji anayerudi chuoni huko amekubali kukuletea barua. Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kuzungumza na vijana, Jumapili ya mwisho wa mwezi, juu ya maisha ya Askofu Festo Kivengere. Kwa siku tatu nimejaribu kuyaandika mazungumzo hayo, na kila mara nakwama mahali palepale.

Mwanzo hauna shida. Alizaliwa upande wa Rukungiri mwaka 1919, akachunga ng'ombe wa jamaa zake, akawa mwalimu, na mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi. Vijana wetu wanajua jambo moja tu juu yake, nalo ni la siku za utawala wa Idi Amin: kwamba Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alipouawa tarehe 16 Februari 1977, Festo na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda, na kwamba mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kuwa anampenda Idi Amin. Wanalisimulia kana kwamba msamaha ule ulimshukia siku moja tu. Mimi siamini hivyo. Askofu mwenyewe alikiri kwamba uchungu ulikuwa umemjaa moyoni, hata Ijumaa Kuu ya mwaka ule, alipokuwa kanisani London, akasikia upya maneno ya Bwana msalabani na kuona kwamba hana ruhusa ya kuendelea kuchukia. Na nadhani aliweza kuyasikia kwa sababu alikwisha kuzoea, tangu ujana wake, kuomba radhi katika mambo ya karibu, yale ambayo hayaandikwi magazetini.

Unakumbuka Mama alivyotusimulia habari ya baiskeli, sisi tukimenya viazi na yeye akipuliza jiko? Festo alikuwa mwalimu kijana aliyeokoka karibuni, katika siku zile za uamsho, na palikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia kwa moyo wote. Moyoni akaambiwa kwamba mtu yule sasa ni ndugu yake na kwamba hana budi kumwendea. Akapanda baiskeli na kwenda maili 50 ili amwambie ana kwa ana kwamba alimchukia na kwamba anaomba msamaha. Barabara za Kigezi unazijua, kila mlima unaoumaliza unakuonyesha mwingine. Katika maili 50 mtu hupata nafasi nyingi sana za kubadili nia na kugeuza baiskeli.

Alisimulia pia kwamba siku moja aligombana na Mera muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Akiwa anatoka, Roho Mtakatifu akamwonya arudi jikoni akapatane na mkewe. Alijitetea kwamba ibada iko karibu kuanza na kwamba ataomba radhi akirudi. Jibu alilosikia ni kwamba basi aende akahubiri, ila Roho atabaki jikoni na Mera. Akarudi jikoni.

Hapo ndipo ninapokwama, dada yangu. Siku ya maziko ya Mama nilikuuliza mbele ya watu michango ya akina mama imepungukaje, na kila aliyenisikia alielewa nilichomaanisha. Wewe ulinyamaza, ukamaliza kuosha sufuria, ukapanda basi la jioni. Mwezi uliopita nilifungua kitabu cha nyimbo cha Mama, kile ulichotumia kutuongoza kaburini, nikakuta ndani yake risiti ya turubai na viti, imekunjwa mara nne, yenye kiasi kilekile nilichosema kimepotea. Ulilipa, na hukupata nafasi ya kunieleza kwa sababu sikukupa. Nilikukosea sana. Naomba unisamehe. Nimekwisha kumwonyesha Mama Tumaini na wenzake risiti hiyo, kwa sababu walinisikia nikikushuku na ilipasa wasikie kosa ni langu.

Nina ombi pia, kama moyo wako utaruhusu. Watu wa hapa husahau kwamba Festo na Mera waliishi huko Dodoma miaka mingi kabla ya uhuru, yeye akifundisha shule na kuhubiri kwa Kiswahili, hata mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi, Festo ndiye aliyemfasiria. Alifariki Nairobi kwa saratani ya damu mwezi Mei 1988, na waliomsikia katika miaka yake ya ualimu wanazidi kupungua. Ningependa vijana wasikie kutoka kwa mtu aliyemwona akiwa mwalimu tu, kabla ya kuwa askofu.

Je, katika usharika wenu wamebaki wazee waliofundishwa naye? Wanakumbuka Kiswahili chake kilikuwaje, na kama aliwahi kumwomba mwanafunzi radhi? Neema ameingia kidato cha ngapi? Mguu wa Baba Neema umepona? Naweza kuwaeleza vijana habari ya risiti bila kutaja jina lako, au unaona inatosha tumalizane mimi na wewe tu? Na je, Krismasi nikija Dodoma, utanifungulia mlango?

Dada yako katika Bwana,
Mama Joy