Askari wa Kofia ya Dhahabu

Vienna, 27 Oktoba

Ndugu yangu Mwalimu,

Habari za siku nyingi? Sisi huku tu wazima, ila baridi imewahi kuingia mwaka huu na makoti yameshatoka kabatini.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Wanafunzi wako wa kidato cha nne wamekubana: Austria nayo ilikuwa na Hitler, ikashindwa, ikakaliwa na majeshi ya kigeni, imekuwaje Ujerumani ikapasuliwa vipande viwili, Austria ikabaki nzima? Nilikujibu harakaharaka kwamba ni kwa sababu iliahidi kutoegemea upande wowote. Jibu lile lilikuwa nusu, na limenikera moyoni tangu siku ile.

Jana ilikuwa sikukuu ya taifa. Jeshi hutandaza vifaru na helikopta katika uwanja wa Heldenplatz, na wazazi huwapandisha watoto juu yake wapigwe picha. Wanaadhimisha tarehe 26 Oktoba 1955, bunge lilipopitisha sheria ya kikatiba kwamba nchi hii haitajiunga na muungano wowote wa kijeshi wala haitaruhusu kambi ya jeshi la kigeni katika ardhi yake. Lakini uwanja ni huohuo ambao Hitler aliuhutubia Machi 1938, akiitangaza Austria kuwa sehemu ya dola lake, na watu waliojaa pale walimshangilia kwa nderemo. Kila nikisimama pale, siku zote mbili hunijia kwa pamoja.

Tuanze na jibu la wanafunzi. Aprili 1945, vita bado havijaisha, mzee Karl Renner, mwanasiasa mkongwe wa kisoshalisti, aliunda serikali ya muda hapa Vienna kwa ridhaa ya Warusi. Wamarekani, Waingereza na Wafaransa waliitilia shaka, lakini kufikia Oktoba wakaikubali. Hapo ndipo njia zilipoachana, Mwalimu. Nchi iligawanywa kanda nne, na Vienna yenyewe ikagawanywa, lakini serikali ilikuwa moja kwa wote. Ujerumani haikuwa na serikali ya namna hiyo. Novemba mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi, na katika viti 165 Wakomunisti waliambulia vinne tu. Moscow ikakosa mlango wa ndani wa kuingilia. Vyama vikubwa viwili, cha kihafidhina na cha kisoshalisti, ambavyo mwaka 1934 wafuasi wao walikuwa wameuana kwa risasi, vilitawala pamoja hadi 1966. Baadhi ya viongozi wao walikuwa wamefungwa pamoja katika kambi za mateso za Wanazi. Leopold Figl, kansela wa kwanza baada ya uchaguzi ule, alipitia kambi ya Dachau. Ni kweli waligawana vyeo hadi vya chini kabisa, huyu wetu, yule wenu, na watu walilalamika sana. Mimi bado naona ni afadhali ugomvi wa vyeo kuliko wa bunduki.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi anayekaribia miaka tisini, alinionyesha kitambulisho cha marehemu baba yake cha wakati ule. Kikaratasi kimechakaa kwenye mikunjo, kimeandikwa kwa lugha nne, Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kirusi, na mihuri imerundikana hadi maandishi hayasomeki vizuri. Aliniambia kwamba mhuri mmoja ukikosekana ungeweza kulala nje ya kwako.

Miaka kumi walisubiri majeshi ya kigeni yaondoke. Stalin alikufa 1953, na Aprili 1955 Kansela Julius Raab akaenda Moscow na wenzake, Bruno Kreisky, kansela wa baadaye, akiwemo. Warusi walitaka uhakika kwamba Austria haitaunganishwa tena na Ujerumani wala kuingizwa NATO. Wakakubaliana juu ya msimamo wa mfano wa Uswisi. Austria nayo ililipa, maana visima vya mafuta na viwanda walivyovishika Warusi havikurudishwa bure. Bidhaa za dola milioni 150 na shehena za mafuta zilikwenda mashariki kwa miaka. Usiwachanganyie wanafunzi jambo hili na siasa yetu Watanzania ya kutofungamana na upande wowote. Sisi tuliichagua kama sera. Wao walijifunga kwa sheria ili wanajeshi waondoke, lakini kifedha na kimawazo walibaki magharibi. Mwaka 1956 Wahungaria wapatao 180,000 walipokimbia vifaru vya Kisovieti, mpaka wa Austria ulikuwa wazi kwao.

Sasa nusu ya pili, ile niliyokuficha. Mwaka 1943 Washirika, yaani mataifa yaliyokuwa yakipigana na Hitler, walitangaza kwamba Austria ilikuwa nchi huru ya kwanza kutekwa na Hitler, lakini tamko lilelile likaongeza kuwa haiwezi kukwepa wajibu wake kwa kupigana upande wa Hitler. Maneno ya wajibu yalikuwemo katika rasimu ya mkataba wa kuirudishia Austria uhuru wake. Tarehe 14 Mei 1955, siku moja kabla ya kutia saini katika kasri la Belvedere, Figl, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aliomba yafutwe. Yakafutwa. Kesho yake akatangaza kwamba Austria iko huru, na umati ukalia kwa furaha. Siwalaumu kwa kilio kile. Lakini Wayahudi wa Austria wapatao 65,000 walikuwa wameuawa, na kwa maneno yale kuondolewa, kizazi kizima kilikulia katika hadithi ya kuonewa tu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Unamkumbuka Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa? Mwaka 1981 alitaka kipindi cha tatu, na aliyesimama dhidi yake alikuwa Salim Ahmed Salim wetu. China ikampiga Waldheim kura ya turufu raundi baada ya raundi, Marekani ikampiga Salim, mpaka nafasi ikaenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru. Miaka mitano baadaye Waldheim akigombea urais huku, ikafichuka kwamba alificha utumishi wake katika jeshi la Hitler kule Balkani. Akajitetea kuwa alitimiza wajibu wake tu. Wakamchagua. Marekani ikampiga marufuku kuingia. Nyumba nyingi zilianza kuulizana mezani maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa, na Julai 1991 Kansela Franz Vranitzky akasimama bungeni kukiri kwamba Waaustria walikuwa na sehemu yao katika maovu yale. Miaka 46 kamili tangu vita viishe!

Finland na Sweden zimeshaingia NATO, Austria imebaki nje. Mimi nauheshimu uamuzi huo. Tramu yangu ya D hupita kila asubuhi Schwarzenbergplatz, ambapo juu ya nguzo ndefu amesimama askari wa Jeshi Jekundu, kofia na ngao yake vikimetameta dhahabu. Mkataba wa 1955 unaitaka Austria iitunze sanamu hiyo, na inaitunza. Kujizuia kuwachokoza wakubwa ni busara. Kutoegemea upande wowote kati ya muuaji na aliyeuawa ni jambo lingine kabisa, na hilo ndilo ningependa wanafunzi wako walijadili.

Mbele ya jengo letu kuna kibamba cha shaba kwenye njia ya miguu, chenye majina ya waliochukuliwa humu ndani na kuuawa. Kila Novemba yule bibi hushuka na kitambaa na ndoo ya maji moto kukisugua. Magoti yake hayakubali tena, kwa hiyo mwaka jana nilisugua mimi, naye akasimama nyuma yangu akinisomea majina, akinirekebisha matamshi.

Nisalimie nyumbani.

Ndugu yako