HARAMBEE YA SIKIO LA MWALIMU WETU WA KWAYA, SOMENI MPAKA MWISHO JAMANI

Bwana asifiwe wapendwa. Najua ni juzi tu tumewasumbua na mabati ya kanisa na mkatoa bila kunung'unika, kwa hivyo naandika hii nikiona haya lakini itabidi tu.

Mwalimu wetu sikio la kushoto lina tundu kwenye ngoma tangu utotoni, usaha unakauka unarudi, na sasa linalia usiku kucha, anasema ni kama nyenje amefungiwa kichwani, halali bila redio. Jumapili ya Matawi mliona wenyewe. Alitoa noti kwaya ikashindwa kuanza, akarudia, bado siyo, akaketi akashika kichwa. Mtu aliyetufundisha kuimba sote!

Wengi mnaniuliza kama operesheni itamaliza huo mlio. Siwezi kuwadanganya. Daktari alituelezea kwamba ngoma ikitoboka sauti za nje zinaingia hafifu, basi ubongo ni kama unaongeza volyumu wenyewe na mlio unasikika zaidi. Watachukua utando kidogo wa msuli ulio juu ya sikio wazibe tundu, na wakague vile vifupa vitatu vya ndani kama usaha haujavila. Kusikia kukirudi, wengi mlio hupungua, wengine huisha kabisa, ila wapo wanaobaki nao vilevile na wachache unazidi. Halafu wiki za mwanzo sikio likiwa limejazwa dawa na pamba kelele inaweza kupanda, kwa hivyo mkienda kumwona msianze kusema pesa zetu zimepotea. Hata mlio ukibaki, tundu likizibwa usaha nao una nafasi ya kukoma, na hilo peke yake ni kubwa.

Inahitajika 140,000, tuko na 52,300. Harusi ngapi hapa Voi kwaya imeimba bure? Matanga mangapi amefika na kinanda chake juu ya boda, mvua inanyesha, na hajawahi kudai hata nauli? Wewe uliyeimbiwa unajijua.

Tuchange Jumapili baada ya ibada ya pili, mwenye kuku au mbuzi alete tutapiga mnada hapohapo. Mweka hazina ataandika kila shilingi na listi itabandikwa mlangoni. Walio mbali mpigieni, namba yake mnayo. Hospitali wametupa tarehe 14 na wanataka malipo kabla hajalazwa.