Mafundi vijana wafundishwe na swichi za kadi, si programu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vya ufundi, pamoja na wanaoajiri mafundi wa mitandao. Mimi ni fundi wa mitambo ya mawasiliano hapa Tanga, na kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wazuri, wepesi wa kushika jambo. Mpe mmoja wao kompyuta na nenosiri, ataingia kwenye modemu, yaani kifaa cha kutuma na kupokea data kwenye waya, iliyoko ng'ambo ya mji na kuipanga upya bila kuinuka kitini. Lakini mfungulie kabati, mchomolee kadi ya modemu kutoka kwenye raki, mwonyeshe ile safu ya swichi ndogondogo iliyo ubaoni na umuulize kila moja inaamuru nini. Anakuangalia tu. Hajafundishwa, na wapo wakubwa wanaosema hana haja ya kufundishwa kwa kuwa siku hizi kila kitu ni programu.

Sikubaliani nao hata kidogo, na nina tukio la kuwaonyesha kwa nini.

Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ina ofisi kuu mjini na tawi nje kidogo ya mji. Kati ya ofisi hizo umepita waya wa shaba wa siku nyingi, na kila upande kuna modemu kwenye raki. Laini hiyo inabeba kilobiti 2,048 kwa sekunde, kiwango tunachokiita E1: njia 32 za kilobiti 64 kila moja, simu na data humohumo. Radi ikapiga, kadi ya tawini ikaungua, ikachomekwa ya akiba iliyokuwa stoo. Taa ya kijani ikawaka, simu zikaita, waliokuja kutengeneza wakafunga kabati wakaenda zao.

Tangu hapo malalamiko hayakukoma. Mtu akiongea na simu alisikia mlio mdogo, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Karatasi za faksi zilitoka na mistari iliyokatika katikati ya maneno. Lawama zote zikaangukia waya: umezeeka, umelowa, viungio vimeoza. Mitaro ikafukuliwa, kipande kirefu cha kebo kikabadilishwa kwa fedha nyingi, na mlio ukabaki palepale.

Tulipoitwa nilianza na kaunta ya makosa iliyo ndani ya modemu yenyewe. Nilivuta kiti, nikaitazama huku nikiangalia saa ya mkononi. Makosa yalikuwa yakiongezeka moja moja, na kila mara nafasi kati ya kosa na kosa ilikuwa ileile, iwe asubuhi, iwe jua la utosi. Waya mbovu hauna utaratibu wa namna hiyo. Wenyewe huchachamaa mvua ikinyesha, hutulia ukikauka, hubadilika upepo ukitikisa nguzo. Makosa yanayokuja kwa kipimo, tazama kloki.

Kwa msomaji asiye fundi: kloki ni mapigo ambayo modemu inayafuata inapotuma na kupokea biti. Kwenye laini kama ile, upande mmoja unatoa mapigo na wa pili unayafuata. Kila upande ukishika mapigo yake, ni sawa na wapiga ngoma wawili waliotenganishwa na ukuta. Wataanza pamoja, halafu watapishana. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kloki ya E1 ikosee hadi sehemu 50 katika milioni. Kloki mbili zikipishana kwa sehemu 10 tu katika milioni, fremu moja nzima, yaani fungu la biti lenye kipande cha kila njia, inapotea au inarudiwa kila baada ya sekunde 12 na nusu. Anayeongea na simu atavumilia. Faksi haivumilii.

Sasa lililonisukuma kuandika barua hii ni kwamba mafundi wa ofisi kuu walikuwa wameshaikagua kloki. Walitufungulia ukurasa wa mipangilio na kutuonyesha: modemu ya tawini imeagizwa ifuate mapigo ya laini. Kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Ila kadi ya aina ile ina swichi moja inayoamua nani atiiwe, programu au swichi nyingine zilizo ubaoni. Kadi ya akiba ilikuwa imewekwa itii swichi, na swichi yake ya kloki ilikuwa imeachwa kwenye kutoa mapigo, kama ilivyotakiwa huko ilikofungwa mara ya kwanza. Programu ilitunza maagizo ambayo kadi haikuwa ikiyasoma. Tuliichomoa, tukasogeza swichi hiyo kwa ncha ya bisibisi ndogo, tukairudisha mahali pake. Kaunta ikasimama. Fedha za kebo zilikuwa zimeshalipwa.

Jambo hili si geni. Modemu za simu za Courier za US Robotics, ambazo wengi wa rika langu tulijifunzia, zilikuwa na swichi 10, na ile ya kumi ndiyo iliyoamua kama modemu ikiwashwa ianze na mipangilio ya kiwandani au na ile iliyohifadhiwa. Ungeweza kuandika amri zako zote kwa ustadi na kuzihifadhi, swichi ya kumi ikiwa vibaya umeme ukikatika zote zinawekwa kando. Na hata pasipo swichi, kijana asiyekumbuka kutoa amri ya kuhifadhi, ambayo kwenye modemu hizo ni AT&W, ataacha kazi inayokwenda vizuri mpaka siku umeme utakapokatika. Hapo yeye ameshamaliza mafunzo na kurudi chuoni, na hakuna anayejua alibadilisha nini.

Sisemi turudi kwenye bisibisi tuiache programu. Mwenye modemu kwenye vituo vingi hawezi kuendesha gari kila kasi ya laini inapotakiwa kubadilishwa, na mipangilio iliyo kwenye faili unaweza kuichapisha na kuilinganisha na ya juzi. Mimi napenda yale yasiyobadilika, kama upande gani unatoa kloki, yakae kwenye swichi: umeme ukikatika hayapotei, mtu wa mbali hawezi kuyagusa kwa bahati mbaya, na fundi aliyefika kituoni bila kompyuta atayasoma kwa tochi. Yanayobadilika yaende kwenye programu, tena kwa nenosiri jipya, si lile lililokuja na mtambo kutoka kiwandani. Wenzangu wengine wanapenda yote yawe kwenye programu. Sawa, mradi waifunge ile swichi ya uchaguzi upande wa programu na waandike kwamba wamefanya hivyo.

Kuandika ndiko kunakotuangusha. Naomba waajiri wasipokee kazi ya mkandarasi yeyote mpaka ndani ya mlango wa kabati ibandikwe karatasi yenye mchoro wa swichi za kila kadi, kila moja imeelekea wapi, nani anatoa kloki, kadi inatii swichi au programu, na tarehe ya mwisho kuguswa. Iandikwe kwa Kiswahili, maana anayefungua kabati usiku mara nyingi ni mlinzi anayemsomea fundi karatasi hiyo kwa simu. Kadi za akiba nazo zipewe karatasi zao humo stoo.

Vyuoni naomba somo hili lifanywe kwa mikono. Kijana ajue kushika fremu ya chuma ya raki kabla ya kugusa kadi, umeme tuli wa mwilini usiiue. Ajue kutosogeza swichi kwa penseli, kwa sababu unga mweusi wa ncha yake, yaani grafiti, unapitisha umeme na ukidondokea ndani ya swichi ni shida ya kudumu. Ajue kwamba kadi nyingi husoma swichi wakati wa kuwaka tu, hivyo ukigeuza swichi mtambo ukiwa unafanya kazi hutaona badiliko lolote mpaka uuzime na kuuwasha.

Walimu watakaosema hawana vifaa, waulize kwenye stoo za taasisi zilizo karibu nao. Kadi za zamani zimejaa humo, nyingine bado nzima, na kila stoo inaposafishwa huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Waandike barua ya kuziomba kabla ya mnada.

Fundi wa mitambo ya mawasiliano,
Tanga